Epicurus: anza na barua, kitabu kitafuata

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia na uraia katika sekondari moja huku Tanga. Tangu mwaka jana nimevutiwa na falsafa ya Epicurus, yule Mgiriki wa kale, kupitia video na misemo ambayo watu wanatumiana kwenye simu, na sasa nataka kusoma kwa mpango. Mmoja kaniambia nianze na Lucretius, mshairi wa Kirumi, mwingine kasema ninunue kitabu cha kisasa, wa tatu anaapa kwamba Cicero, mwandishi wa Kirumi, ndiye anayeeleza vizuri. Nimetenga hela ya kitabu kimoja tu. Ninunue kipi? Halafu, mimi ni Mkristo: kuna ubaya?*

Marahaba, Mwalimu. Hela yako iache mfukoni kwanza. Kitu cha kwanza cha kusoma ni cha bure na unaweza kukimaliza leo usiku kabla umeme haujakatika: barua ambayo Epicurus mwenyewe alimwandikia mtu aitwaye Menoeceus. Ni kurasa nne au tano. Kiingereza chake cha zamani, tafsiri ya R. D. Hicks ya mwaka 1925, kinapatikana mtandaoni bila malipo ndani ya kitabu cha 10 cha Diogenes Laertius. Isome mara moja harakaharaka, ulale. Kesho isome tena polepole na kalamu mkononi. Hao washauri wako watatu hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja amekuelekeza mlango wa nyuma.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliingilia huko nyuma. Nikiwa mwanafunzi niliazima Lucretius maktaba, kwa kuwa mhadhiri wetu alimsifu sana na jalada lilikuwa zuri. Nikavuka dua yake ya kumwomba Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kwa raha zangu, nikavuka atomi na utupu, kisha nikakwama pale anapowagombeza Heraclitus, Empedocles na Anaxagoras mmoja baada ya mwingine, watu ambao wakati ule hata majina yao nilikuwa nayatamka kwa kubahatisha. Nikakirudisha kitabu. Kwa miaka miwili nikaamini kwamba Epicurus ni somo la watu wa fizikia ya kale. Aliyenitoa huko ni mwenzangu wa bweni, aliyekuwa na fotokopi ya barua hiyo ninayokutajia, karatasi chache zilizobanwa kwa pini yenye kutu.

Sasa, kwa nini barua? Epicurus alizaliwa Samos mwaka 341 KK, akafungua shule yake ya bustanini huko Athens karibu mwaka 306 KK, akafariki mwaka 270 KK. Diogenes Laertius, mwandishi wa karne ya 3 BK aliyekusanya habari za maisha ya wanafalsafa, anasema aliandika magombo kama 300. Kazi yake kubwa, Juu ya Asili, peke yake ilikuwa magombo 37. Karibu yote yamepotea. Vilivyotufikia vikiwa vizima ni vile ambavyo Diogenes alivinakili: barua tatu, mafundisho mafupi 40, wasia wake, na kijibarua alichomwandikia rafiki siku anayokata roho.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi wanalipita. Msomaji akisikia kwamba magombo 300 yamepotea na zimebaki barua tatu, anadhani anakula makombo. Fungua Barua kwa Herodotus uone inavyoanza. Epicurus anasema waziwazi kwamba wako watu wasioweza kupitia kila alichoandika juu ya asili, wala vile vitabu vikubwa, na kwa ajili yao ametengeneza muhtasari wa kushika akilini. Anaongeza kwamba hata waliobobea wanauhitaji, kwa kuwa picha nzima tunaihitaji mara nyingi kuliko tunavyohitaji vipande vyake. Barua hizi ni mtaala aliouandika mwenyewe, na wewe ni mwalimu, unajua tofauti ya mtaala na rundo la vitabu vya ziada. Kilichopotea ni vitabu vya ziada. Natamani tungekuwa navyo, sikatai, lakini mlango wa mbele umesalia.

Turudi kwa Menoeceus. Barua inakwenda kwa hatua: inaanza kwa kusema kijana asichelewe kujifunza falsafa wala mzee asiichoke, kisha inazungumzia miungu, kifo, tamaa, raha, na mwisho busara ya kupima mambo, ambayo anaiita kitu cha thamani kuliko falsafa yenyewe. Utakapofika kwenye raha, simama. Hapa ndipo watu wamemzushia Epicurus kwa zaidi ya miaka 2,000, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza.

Neno lake la Kigiriki ni hedone. Waingereza wana neno moja la kulifasiri na neno hilo limeshachafuka, kwa hiyo vitabu vyao vinatumia kurasa nyingi kulisafisha. Sisi tuna maneno kadhaa na kila moja lina harufu yake. Ukilifasiri kama anasa, umeshamhukumu: anasa ina lawama ndani yake, ni mambo ya mtu anayefuja. Ukisema starehe, unapata kiti kizuri na kinywaji baridi, na mtaani watakukumbusha kwamba starehe gharama. Epicurus anasema kinyume kabisa, kwamba mali inayohitajiwa na maumbile ina mpaka na hupatikana kwa urahisi, ila ile inayotakwa na mawazo ya bure haina mwisho. Furaha nayo ni ya ghafla, inapanda na kushuka. Mimi natumia raha, na sababu yangu naitoa msibani. Wakatoliki wanapomwombea marehemu husema "raha ya milele umpe, ee Bwana". Hakuna anayedhani wanamwombea marehemu karamu. Wanamwombea kupumzika, kutosumbuliwa tena. Na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa upepo wa baharini, na kwa maji ya mtungi baada ya kutembea juani. Neno linalobeba vyote viwili, utamu na pumziko, ndilo linalokaribia hedone ya Epicurus, kwa sababu kwake kilele cha raha ni mwili usioumwa na roho isiyosumbuka.

Soma basi kifungu kile anachosema kwamba mkate na maji humpa raha ya juu kabisa mtu mwenye njaa, na kinachofuata, kwamba maisha ya raha hayatokani na ulevi wa mfululizo, wala mapenzi, wala samaki na vitu vingine vya meza ya gharama, bali fikra timamu inayochunguza sababu za kila tunachokichagua na tunachokikwepa. Baada ya hapo msemo wetu wa ponda mali kufa kwaja hutaweza tena kumbandika yeye. Na yale maneno ya kula na kunywa kwa kuwa kesho tutakufa, ambayo watu humpachika, yako kwa Isaya 22:13, na Paulo anayarudia kwa Wakorintho. Wala hayatoki bustanini.

Ukishaimudu barua hiyo, kama wiki moja, ingia kwenye Mafundisho Makuu, yale 40. Diogenes Laertius ameyaweka mwishoni kabisa mwa kitabu chake, akisema mwisho wa kitabu uwe mwanzo wa heri. Haya ni ya kuhifadhi. Najua shule zetu za leo zinaona kukariri ni ujinga, lakini wewe uko Tanga, umewaona watoto wa madrasa wakihifadhi Arobaini ya Nawawi, hadithi fupi moja moja, na miaka mingi baadaye mtu mzima yuko sokoni anaikumbuka moja inayomfaa saa ileile. Epicurus alitaka mafundisho yake yakae hivyo. Alijua kwamba hofu haikusubiri ukafungue kitabu.

Anza na manne ya kwanza. La pili, kwa Kiswahili changu: Mauti si kitu kwetu, kilichovunjika hakihisi, na kisichohisi si kitu kwetu. Wanafunzi wa baadaye waliyabana manne hayo yakawa dawa ya viungo vinne, na fomula hiyo imetufikia katika gombo la Philodemus, Mwepikureo aliyefundisha Italia katika karne ya 1 KK: Mungu si wa kuogopwa, mauti si ya kutia shaka, jema hupatikana kwa urahisi, baya huvumilika kwa urahisi. Maneno kumi na kitu. Hilo la nne, nakiri, mimi hunishinda kila jino linaponiuma.

Usiishie hapo, maana karibu kila mtu huishia hapo. Kwa mwalimu wa uraia utamu uko kuanzia la 31 hadi la 38, yanayozungumzia haki. Epicurus anasema haki haikuwa kitu kinachosimama chenyewe. Ni makubaliano ya watu kutodhuru wala kudhuriwa, mahali popote wanapoishi pamoja. Sheria isipoleta tena manufaa katika kuishi huko pamoja, imeacha kuwa ya haki, hata kama zamani ilikuwa ya haki. Hayo yameandikwa karne ishirini kabla ya wale wanafalsafa wa mkataba wa jamii ambao mtaala huwa unawataja. Wapelekee wanafunzi wako la 33 na la 38 bila kuwaambia ni ya nani, kisha waulize yameandikwa lini.

Ongeza Misemo ya Vatican, midogo 81, iliyogunduliwa na Karl Wotke mwaka 1888 ndani ya hati ya mkono kwenye maktaba ya Vatican. Michache ni marudio ya Mafundisho Makuu na mingine inaelekea ni ya wanafunzi wake, hivyo usiape kwamba kila mmoja ni sauti ya mwalimu. Lakini hii ndiyo ya kubeba kwenye daladala. Msemo wa 27 unasema katika kazi nyingine matunda huja mwishoni kwa taabu, ila katika falsafa raha hutembea sambamba na kujifunza. Wa 41 unataka tucheke, tufalsafike na tuendeshe nyumba zetu kwa wakati mmoja. Niliubandika jikoni, mke wangu akauliza hiyo ya kuendesha nyumba naianza lini.

Barua kwa Herodotus ni ngumu. Nakuonya mapema usije ukajiona mjinga. (Herodotus huyu si yule mwanahistoria, yule alikufa miongo mingi kabla Epicurus hajazaliwa. Na tukiwa hapo: Diogenes Laertius si yule Diogenes aliyelala kwenye mtungi, na kuna wa tatu, Diogenes wa Oenoanda, nitakayemgusa chini. Kwa majina Wagiriki walikuwa kama sisi na kina Juma.) Barua hii ni fizikia: hakuna kitu kinachotoka katika kisichokuwepo, ulimwengu ni atomi na nafasi tupu, na roho nayo ni mwili, chembe laini zilizosambaa mwili mzima. Iache hadi umeshika maadili, lakini usiiruke moja kwa moja. Fundisho la 11 linakueleza sababu: kama tusingesumbuliwa na shaka juu ya mambo ya angani na juu ya kifo, wala kutojua mpaka wa maumivu na tamaa, tusingehitaji elimu ya asili. Anayechukua maadili ya Epicurus na kuitupa fizikia yake anabaki na ushauri mzuri wa bibi. Karl Marx aliliona hilo mapema. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1841 ilikuwa juu ya tofauti ya Epicurus na Democritus, mwalimu wa atomi aliyemtangulia, katika falsafa ya asili.

Barua ya tatu, kwa Pythocles, inahusu radi, kupatwa kwa mwezi, mvua ya mawe. Kuna wataalamu waliotilia shaka kama aliiandika mwenyewe. Isome siku ukiwa na nafasi, uone tabia yake moja: anatoa maelezo manne au matano ya radi na kukuambia yote yanawezekana, alimradi usirudi kwenye ngano.

Sasa Lucretius. Hapa ninyooshe jambo, maana nimesema nilikwama kwake na unaweza kudhani namdharau. Sivyo. Baada ya barua, yeye ndiye mtu wa kukaa naye maisha yote. Shairi lake, Juu ya Asili ya Vitu, lina vitabu sita na mistari kama 7,400 ya Kilatini, limeandikwa katikati ya karne ya 1 KK, na lingeweza kupotea kabisa kama Poggio Bracciolini, msomi wa Italia, asingelikuta katika nyumba ya watawa huko Ujerumani mwaka 1417. Wasomaji wa Ulaya huuliza kwa mshangao: kwa nini mtu afundishe atomi kwa shairi? Msomaji wa pwani yetu haulizi. Sisi tumelelewa na tenzi. Tumefundishwa dini, adabu, historia ya vita na hata namna ya kumtunza mume kwa beti zenye vina. Lucretius mwenyewe anaeleza: matabibu wanapotaka kumnywesha mtoto dawa chungu hupaka asali kwenye ukingo wa kikombe, mashairi yake ndiyo asali hiyo. Washairi wetu wa Lamu na Pate wangemwelewa bila mkalimani.

Ila hapa kuna zoezi ninalowapa wanafunzi wangu na nakupa na wewe. Soma kitabu cha tatu cha Lucretius, mistari isiyofika 1,100, kisha uchukue Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uiweke kando yake. Wote wawili wanaongea na moyo unaojidanganya juu ya kifo. Wote wanautikisa. Sayyid Abdalla anautikisa ili uogope hesabu inayokuja na uache kudanganywa na dunia. Lucretius anatoa hoja karibu 30 za kwamba roho hufa pamoja na mwili, ili uache kuogopa. Anauliza: zile enzi zote kabla hujazaliwa zilikuuma? Basi na zijazo ni kioo cha hizo. Sijawahi kusoma vitabu viwili vilivyonielewesha kimoja kwa kingine namna ile, na sikwambii uchague upande.

Kwa hiyo kwa Lucretius anza na cha tatu. Kisha nenda cha tano, na hapa mwalimu wa historia utafurahi: watu kabla ya sheria, moto, lugha inavyozaliwa, madini, shaba ikitumika kabla ya chuma, yote bila mungu kushika usukani. Cha pili kisome kwa ajili ya ule mkengeuko mdogo wa atomi, chembe kuiacha njia yake kidogo tu, unaotuokoa na majaaliwa. Na ujue kwamba katika barua za Epicurus zilizobaki hutaukuta. Cha nne kina maneno makali juu ya mapenzi, usikisome ukiwa umeachwa karibuni. Cha sita kinaishia na tauni ya Athens, ghafla, maiti kila mahali, na watu bado wanabishana kama alikusudia hivyo. Tafsiri ya A. E. Stallings ya mwaka 2007 ina vina na inakimbia vizuri. Ya Martin Ferguson Smith ni ya nathari na inafuata hoja kwa karibu. Anayetaka asali achukue ya kwanza, anayetaka dawa achukue ya pili.

Rafiki yako wa Cicero ana hoja nusu. Katika kazi yake ya mwaka 45 KK juu ya upeo wa mema na mabaya, kitabu cha kwanza anampa Torquatus nafasi ya kuitetea falsafa ya Epicurus, na anaitetea vizuri, kwa mpangilio ambao hata Epicurus hakutuachia. Tatizo ni kitabu cha pili, ambamo Cicero anasimama mwenyewe na kuibomoa, naye alikuwa wakili. Mtu akianza na hapo anamjua Epicurus kama unavyomjua mshtakiwa kwa maelezo ya mwendesha mashtaka. Vivyo hivyo Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, aliyeandika hata kijitabu cha kuonyesha kwamba kwa kumfuata Epicurus hutaweza kuishi kwa raha. Wasome, lakini baada ya barua, na kila ukurasa jiulize: hapa anayeongea ni nani?

Swali hilo litakusaidia pia na vile vipande vya kwenye simu. Kuna kimoja maarufu sana kiitwacho fumbo la Epicurus: kama Mungu anaweza kuondoa ubaya na hataki, au anataka na hawezi, na kuendelea. Katika maandishi yake yaliyobaki halimo. Tumelipata kwa Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4 aliyekuwa akimpinga, na limepata umaarufu mpya baada ya mwanafalsafa David Hume wa Uskoti kulitaja katika kitabu kilichotoka mwaka 1779. Huenda lilikuwa lake, huenda lilikuwa la wengine. Ukiniuliza mimi, halimwendei vizuri mtu aliyefundisha kwamba miungu haijishughulishi nasi kabisa.

Mpinzani mmoja namruhusu mapema: Seneca. Alikuwa Mrumi wa Kistoiko, shule iliyoshindana na ya Epicurus, lakini katika barua zake 29 za mwanzo kwa Lucilius hufunga nyingi kwa msemo wa kumtafakarisha rafiki yake, na mingi aliichota kwa Epicurus. Katika ya pili anamwambia kwamba wingi wa vitabu humtawanya mtu, achague wachache akae nao, kila siku achukue wazo moja tu la kulimeng'enya. Halafu anakiri kwamba huwa anaingia kambi ya adui, kama mpelelezi na si kama mtoro. Hiyo barua ya pili ni kurasa mbili. Ni jibu la swali lako kuliko haya yote ninayoandika.

Vitabu vya kisasa nitavipita upesi. Cha Tim O'Keefe cha mwaka 2010 ni cha darasani, kimenyooka. Vya Catherine Wilson na Emily Austin vimeandikwa kwa msomaji wa kawaida anayetaka kuishi nayo. Cha Austin, cha mwaka 2022, kina ucheshi. Chagua kimoja, na usikifungue kabla hujawa na maoni yako juu ya Menoeceus, la sivyo utakuwa na maoni yao. Norman DeWitt aliandika vitabu viwili mwaka 1954, kimojawapo kinajaribu kuonyesha kwamba Mtume Paulo amejaa mwangwi wa Epicurus. Kama Mkristo kitakuvuta. Kisome kama hadithi ya upelelezi ambayo mpelelezi ameipenda mno nadharia yake.

Na hilo la ukristo. Biblia yako tayari imekutambulisha: Matendo 17:18, Waepikureo na Wastoiko wanakutana na Paulo huko Athens. Aliposema habari za ufufuo, baadhi ya wasikilizaji walidhihaki. Luka hasemi ni akina nani, ila unaweza kukisia. Sitakupunguzia makali: Epicurus anakubali kwamba miungu ipo, heri na isiyokufa, lakini haikupi wala haikunyimi, na wewe ukifa umekwisha. Hayo hayapatani na Kanuni ya Imani, na anayekuambia yanapatana anakuuzia kitu. Dante, mshairi wa Italia, katika safari yake ya Jehanamu aliwatia Waepikureo katika makaburi ya moto. Lakini kusoma si kubatizwa. Gassendi, padri Mkatoliki wa Ufaransa katika karne ya 17, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kumfufua Epicurus, akichukua atomi na kuacha roho inayokufa, na akafa padri. Wewe utajua cha kuchukua.

Yale ya Herculaneum na Oenoanda yafanye yawe kitindamlo. La kwanza ni nyumba huko Italia iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, magombo yake, mengi ya Kiepikureo, yaliyoungua kama makaa yakapatikana karne ya 18, na sasa yanasomwa kwa eksirei na kompyuta bila kufunguliwa. Februari 2024 vijana watatu walitunukiwa dola 700,000 kwa kusoma safu kadhaa za gombo moja. La pili ni ukuta. Huyo Diogenes wa tatu, mzee na mgonjwa, katika karne ya 2 BK alichonga falsafa ya Epicurus kwenye ukuta wa mji wake, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, ili hata mgeni mpita njia asome. Vipande vyake bado vinachimbuliwa.

Jambo moja kabla ya hela. Barua kwa Menoeceus inafungwa kwa kumwambia ayatafakari haya mchana na usiku, peke yake na pamoja na mtu anayefanana naye. Tafuta huyo mtu. Mwalimu mwenzako, mke, mwanafunzi wa kidato cha sita anayebisha sana. Mkibishana mkashindwa, Msemo wa 74 unakufariji: katika mjadala wa pamoja aliyeshindwa ndiye aliyepata zaidi, kwa kuwa amejifunza kitu.

Hela yenyewe: nunua The Epicurus Reader ya Brad Inwood na L. P. Gerson, toleo la Hackett la mwaka 1994. Ni kijitabu chembamba, kina barua zote tatu, Mafundisho Makuu, Misemo ya Vatican, vipande vya Cicero, Plutarch na wengine, na kila kipande kimeandikwa kimetoka kwa nani. Tafuta kilichotumika, hakina haja ya kuwa kipya. Chenji ikibaki, Tanga kwenu maziwa si shida, nunua jibini kidogo. Epicurus aliwahi kumwandikia rafiki yake amtumie kibakuli kimoja cha jibini, ili siku akitaka kufanya karamu, aweze.